Shajara ya mradi: fosforasi ya mji wa kale na fosforasi ya zizi, kaskazini mwa Pemba

Januari: swali na mipaka yake

Mradi huu unahusu shamba moja la Wilaya ya Micheweni, kaskazini mwa Pemba, ambalo kila linapopitishwa jembe hutoa vigae, vipande vya makombe na madonge ya udongo yaliyopata moto. Jina la shehia halitatajwa katika shajara hii, na ramani haitawekwa. Hayo ni makubaliano yetu na wenye shamba pamoja na Sheha, kwani tangu mwaka 1984, ilipofukuliwa Mtambwe Mkuu hazina ya sarafu zaidi ya 2,000, nyingi zikiwa vijisarafu vya fedha, habari ya kigae cha kale kisiwani haikosi mtu wa kuulizia bei yake. Hatuchimbi mashimo, kazi hiyo ni ya wataalamu wa mambo ya kale wenye kibali. Sisi tunachukua udongo kwa kekee nyembamba, tunaziba tundu, tunaondoka.

Ni jambo linalojulikana kwa muda mrefu kwamba pale walipoishi watu udongo huzidi fosforasi, kirutubishi cha mimea kinachoachwa na mifupa, taka na samadi. Olof Arrhenius wa Sweden, aliyekuwa akipima udongo wa mashamba kwa manufaa ya kilimo katika miaka ya 1920, ndiye aliyeona kwamba sehemu zenye fosforasi nyingi ziliangukia penye maskani ya zamani, na tangu hapo kipimo hicho kimetumika pote duniani kutafuta vijiji ambavyo havikuacha ukuta hata mmoja. Shida ya Pemba ni kwamba ardhi haikupata kuachwa. Waliotupa mifupa ya samaki miaka 1,000 iliyopita walifuatiwa na waliopanda mikarafuu, wakafuatiwa na waliofunga ng'ombe, na leo yupo mwenye mfuko wa mbolea ya dukani. Wote hao wameacha fosforasi mahali pamoja. Tunalotaka kujua ni kama fosforasi hizo zinaweza kutenganishwa, na kwa ushahidi gani.

Tahadhari moja iwekwe mapema. Wengi waliosoma habari za udongo wa maskani ya kale huja na picha ya Amazon, ambako wenyeji wa kabla ya kuja Wazungu waliacha madoa ya udongo mweusi katikati ya ardhi fukara ya manjano na nyekundu. Madoa hayo, mengi yakiwa yametokea kati ya miaka 2,500 na 500 iliyopita, yana makaa, vigae, mifupa, kalisi na fosforasi nyingi, na katika baadhi yake wingi wa kaboni ya makaa umepimwa ukafikia hadi mara 70 ya ule wa udongo jirani. Asitarajie mtu kuyaona hayo hapa. Shamba letu kwa macho ni jekundu kama mashamba mengine ya jirani, na aliyekuja kutafuta weusi atarudi na mikono mitupu. Alama iliyopo, kama ipo, ni ya kemia.

Februari: kinachobaki na kinachoondoka

Kaya hutupa kila kitu, lakini udongo wa nchi za joto hauhifadhi kila kitu, na mwezi huu wote tumeutumia kupanga vipimo kwa kufuata tofauti hiyo. Nitrojeni ya mabaki ya chakula na ya haja za watu hugeuka nitreti, ikashuka na maji ya mvua au ikapotea hewani. Potasiamu ya majivu ni nyingi mwanzoni, kisha masika baada ya masika huiosha, hasa pale udongo unapokuwa na kichanga kingi. Kaboni ya majani na ya kinyesi huliwa na vijidudu haraka kwa sababu ya joto na unyevu. Makaa ndiyo yanayokaidi: kaboni yake imefungamana kwa namna ambayo vijidudu huishindwa kwa karne nyingi, na kadiri uso wake unavyoungana na oksijeni ndivyo unavyopata chaji hasi zinazoshika kalisi, magnesiamu na potasiamu zisikokotwe na maji.

Fosforasi haina njia ya maana ya kutokea hewani, na haitembei sana na maji. Katika udongo mwekundu hukamatwa na oksidi za chuma na za alumini. Katika udongo wa chokaa huungana na kalisi. Kwa vyovyote vile hubaki karibu na pale ilipoangukia, na ndiyo maana ni shahidi mzuri wa mahali. Hata hivyo ni lazima kutofautisha fosforasi yote iliyomo na ile ambayo mzizi unaweza kuipata. Udongo unaweza kuwa na utajiri mkubwa wa ile ya kwanza na muhogo ukaendelea kusinyaa, kwa kuwa chuma kimeikumbatia. Kwa hiyo tutapima zote mbili: yote kwa kuyeyusha udongo katika asidi kali, na inayopatikana kwa njia ya Olsen, ambayo hutumia bikaboneti ya sodiamu yenye pH, yaani kipimo cha ukali wa asidi, ya 8.5 na inafaa penye chokaa.

Makombe yanastahili maneno zaidi. Kombe ni kaboneti ya kalisi. Linapoyeyuka polepole hupunguza ukali wa asidi ya udongo, na katika kivuli hicho cha kikemia mifupa ya samaki, ambayo ingeliwa na udongo wenye asidi, hudumu. Jaa lenye chaza na tondoo kwa hiyo hujihifadhia mifupa yake lenyewe, na mifupa ndiyo ghala ya fosforasi. Tena makombe na matumbawe ya baharini hubeba strontiamu, elementi yenye tabia za karibu na kalisi, pamoja na kalisi yenyewe, kwa hiyo zikipanda zote mbili kwa pamoja, katika udongo ambao haukutokana na mwamba wa matumbawe, kuna kila sababu ya kudhani kwamba mtu alizibeba kutoka pwani. Hiyo ndiyo sababu tuliyochagulia shamba hili lililo juu ya udongo mwekundu wenye kina. Mahali kama Unguja Ukuu, maskani ya kale katika kisiwa cha Unguja, penye mwamba wa matumbawe karibu na uso wa ardhi, kalisi ya asili ingefunika ya binadamu.

Unguja Ukuu hata hivyo imetufundisha namna ya kusoma nyumba. Mwaka 2019 Federica Sulas na wenzake walichapisha uchunguzi wa nyumba moja ya udongo ya huko ya zama za mwanzo za Waswahili, ambamo walizisoma pamoja kemia ya sakafu, fitolithi, yaani vijiwe vya silika vinavyoachwa na mimea, na vitu vilivyookotwa. Tunalochukua kwao ni utaratibu wa kutotegemea kipimo kimoja. Tunaloongeza ni jambo ambalo kila mtu wa hapa analijua bila ya maabara: nyumba ya Mswahili hufagiwa. Ufagio wa chelewa hauachi kitu ndani. Kila kinachoanguka huishia ukingoni mwa uwanja au uani, ambako samaki huparuliwa na majivu humwagwa. Kwa hiyo penye fosforasi ndogo katikati ya duara la fosforasi kubwa huenda ndipo palipokuwa na watu wengi kuliko popote. Tena nyumba ya udongo ikianguka, kuta zake, zilizokandikwa kwa udongo uliochimbwa kutoka chini, hufunika sakafu kwa udongo mpya usio na taka, na ramani huonyesha shimo ambalo si shimo.

Kipimo cha mwisho ni usumaku. Moto wa jikoni au wa mhunzi hugeuza sehemu ya madini ya chuma ya udongo mwekundu kuwa magnetaiti na maghemaiti, yenye sumaku kubwa zaidi, na mabadiliko hayo hayaoshwi na mvua.

Machi: vijiti shambani

Tumepanga vijiti kwa miraba ya mita 5, na katika kila kijiti kekee inashuka hatua kwa hatua: sentimita 0 hadi 10, 20 hadi 30, 40 hadi 50, kisha 60 hadi 70 pale udongo unaporuhusu. Kina ndicho kiini cha mpango wote. Samadi ya leo huanzia juu na kupungua kuelekea chini. Taka ya kale, kama haikuvurugwa, inapaswa kuwa na kilele chake chini ya safu inayolimwa.

Kazi ngumu zaidi haikuwa hiyo bali kupata udongo wa kulinganishia. Sampuli linganishi inatakiwa iwe ya mteremko uleule, ya udongo uleule na ya kilimo kilekile, isipokuwa iwe haina maskani ya kale. Katika kisiwa kilichokaliwa kwa wingi na kwa muda mrefu hivi, kusema kwamba mahali fulani hapakupata kukaliwa ni kudai mengi. Tumechagua sehemu tatu zisizotoa vigae, na tumekubaliana kwamba hakuna hata moja itakayoitwa safi. Zitaitwa za kulinganishia tu.

Mzee mwenye shamba alitufuata tukiwa tunagongea vijiti upande wa kusini. Akasimama, akaegemea fimbo yake.

"Mwanangu, hapo unapoweka kijiti chako palikuwa na zizi la marehemu ami yangu. Mkikuta kitu hapo, msije mkasema ni cha Wadebuli. Ni mavi ya ng'ombe wetu."

Wadebuli ni wale ambao masimulizi ya Pemba huwahusisha na magofu ya kale. Tukamwomba, "Basi tuonyeshe, mzee wetu, zizi liliishia wapi." Akatembea polepole, akichora mstari kwa ncha ya fimbo, akizunguka kisiki cha mwembe na kurudi. Mstari huo umeingizwa katika ramani ya mradi kabla ya kipimo chochote kufanywa, na kwa maoni yangu una thamani kuliko nusu ya vifaa tulivyonavyo, kwa sababu umetupatia mahali ambapo asili ya fosforasi inajulikana.

Tumeongeza pia jaa linalotumika leo, nyuma ya jiko la nyumba ya jirani, kwa ruhusa ya bi mkubwa wa nyumba hiyo, aliyecheka sana alipoelezwa kwamba taka yake itapelekwa maabara. Nyongeza hiyo si ya mzaha. Huko Liberia na Guinea watafiti wameeleza udongo mweusi wa pembezoni mwa vijiji ambao bado unatengenezwa na watu walio hai, kwa majivu, makaa na mabaki ya jikoni, na kwa kuwauliza wanaoutengeneza wameweza kueleza ule ambao watengenezaji wake walikwisha kufa. Jaa la leo hapa lina maganda ya muhogo, magamba ya samaki, majivu ya kuni, na pia kifusi cha saruji na betri, ambavyo watu wa kale hawakuwa navyo; zinki yake itabidi isomwe kwa hadhari.

Aprili: masika

Mvua. Sampuli zinaanikwa ndani, juu ya karatasi, na kuchekechwa kwa matundu ya milimita 2. Hakuna la ziada la kuandika.

Juni: karatasi ya buluu

Kabla ya kugharimia vipimo vya maabara tumepima kila sampuli kwa njia ya karatasi. Chembe ya udongo huwekwa katikati ya karatasi ya kuchujia, hudondoshewa matone mawili ya molibdeti ya amonia iliyochanganywa na asidi ya hidrokloriki, na baada ya nusu dakika hudondoshewa asidi ya askobiki, ambayo ndiyo vitamini C. Fosforasi ikiwapo, rangi ya buluu hutambaa kutoka kwenye chembe kama wino uliomwagika, ikatoa miale. Sampuli za zizi zilitoa buluu iliyokoza tangu ya juu kabisa. Sampuli za kulinganishia zilitoa weupe wenye ukingo hafifu.

Upande wa kaskazini wa shamba matokeo yalikuwa ya kutatanisha. Sampuli za sentimita 40 hadi 50, zenye vipande vidogo vya makombe visivyozidi punje ya mchele, zilitoa povu mara tu asidi ilipozigusa, na buluu haikuja. Sababu yake ni kwamba kaboneti hunywa asidi kabla haijaifikia fosforasi, kwa hiyo karatasi husema hapana pale ambapo jibu ni ndiyo. Tulipozipa chembe hizo asidi ya kutosha hadi povu likaisha, kisha tukarudia, buluu ilikuja kwa nguvu. Tangu hapo kila sampuli inajaribiwa kwanza kwa asidi ya asilimia 10, na iliyotoa povu huwekewa alama. Ninashauri mwenye kutumia karatasi hizi katika visiwa vya matumbawe asizipe neno la mwisho. Zinafaa kupanga foleni ya kwenda maabara, si zaidi.

Agosti: majibu ya maabara

Madoa matatu yamejitokeza, na fosforasi peke yake isingetosha kuyatambua.

Doa la kusini linaangukia ndani ya mstari wa mzee, karibu hatua kwa hatua. Fosforasi yake iko juu kabisa na inapungua kila tunaposhuka. Sehemu kubwa yake bado inapatikana kwa mimea. Potasiamu nayo ni nyingi, ishara kwamba mvua hazijapata muda wa kuiosha. Kalisi ni ya kawaida, strontiamu ni ya kawaida, usumaku haukuzidi. Hivi ndivyo zizi la miongo michache iliyopita linavyoonekana, na sasa tunalo kama kielelezo.

Doa la kaskazini ni kinyume chake. Fosforasi yote iliyomo inafikia kilele chini ya safu ya jembe, lakini ile inayopatikana ni sehemu ndogo tu yake. Kalisi na strontiamu zinapanda pamoja. Potasiamu haina tofauti na ya udongo wa kulinganishia. Chembe za makaa zinaonekana kwa jicho katika chekeche, na usumaku umepanda katika safu ileile yenye makaa. Katikati ya doa kuna eneo dogo lenye fosforasi ndogo, lililofunikwa na udongo mwekundu mzito wenye madonge yenye alama za fito. Nisingependa kuliita sakafu kabla halijafunguliwa na wenye kibali, ila umbo lake ni lile hasa lililotarajiwa kwa nyumba iliyofagiwa kisha ikaangukiwa na kuta zake.

Doa la tatu, la magharibi, hatukulitafuta. Tulionyeshwa na njugu nyasa. Mke wa mwenye shamba alikuwa akilalamika kwamba njugu zake katika pembe hiyo zinatoka manjano kila mwaka, samadi iwekwe isiwekwe. Ukilitazama jani kwa karibu, mishipa imebaki kijani na nafasi zilizo kati yake ndizo zilizogeuka, na majani machanga yameathirika kuliko makuukuu. Hiyo ni dalili ya upungufu wa chuma katika mmea. Ajabu ni kwamba udongo wenyewe umejaa chuma. Kinachozuia ni chokaa: pH ikipanda, chuma hujifungia katika hali ambayo mzizi hauiwezi, na zinki na manganizi hufuata njia hiyo. Kipimo kimeonyesha kalisi kubwa kuliko penginepo, fosforasi ya kawaida, na udongo uliochomwa. Mahali hapo hapakuwa jaa. Uwezekano mkubwa ni kwamba palichomwa matumbawe kwa chokaa ya kujengea, au palirundikwa lipu ya jengo lililobomolewa. Anayedhani kwamba makazi ya kale huacha rutuba tu aje aone pembe hii.

Mikarafuu imetusumbua kuliko mbolea ya dukani. Kimbunga cha mwaka 1872 kiliangusha mikarafuu mingi ya Unguja na kuiacha Pemba ikiwa na sehemu kubwa ya zao hilo, na shamba letu, kwa maelezo ya wenyewe, lilikuwa na safu za mikarafuu. Kila mche ulipandwa katika shimo, na kila shimo lilichanganya juu na chini. Vijiti kadhaa vya katikati vina mpangilio wa kina usiosomeka, na vinapounganishwa vinafanya mistari iliyonyooka. Tumeviondoa katika hesabu ya kina na kuviacha katika hesabu ya jumla. Mchwa na kaa wa nchi kavu nao huchanganya udongo, lakini hawafanyi hivyo kwa mistari.

Septemba: kuhusu umri

Kemia inatuambia kwamba doa la kaskazini si la jana. Haituambii ni la karne ipi. Vigae vilivyookotwa juu yake vimeonyeshwa kwa wenye ujuzi na havijatolewa kauli. Kaskazini mwa Pemba kuna mfuatano unaojulikana vyema kutokana na uchimbaji wa Adria LaViolette na Jeffrey Fleisher: Tumbe, kijiji kikubwa cha nyumba za udongo cha takriban karne ya 7 hadi ya 10, na jirani yake Chwaka, mji wenye misikiti ya mawe ulioanza baadaye, takriban karne ya 11, na kudumu hadi karne ya 15 hivi. Sarah Walshaw, aliyechunguza mbegu zilizoungua za sehemu hizo, alionyesha kwamba watu wa Tumbe walitegemea zaidi nafaka za Kiafrika kama uwele, na kwamba kufikia enzi ya Chwaka mpunga ulikuwa umeshika nafasi ya juu.

Tofauti hiyo inaweza kutusaidia. Kumvi za mpunga zikichomwa huacha majivu ambayo sehemu yake kubwa mno ni silika, na fitolithi za mpunga zina maumbo yanayotambulika na haziliwi na asidi ya kawaida ya udongo. Jaa la walaji wa mpunga na jaa la walaji wa uwele huenda yakafanana kwa fosforasi na kalisi na bado yakatofautiana kwa vijiwe hivyo. Tumetenga sampuli za doa la kaskazini, za jaa la leo na za bonde la mpunga lenye kinamo, ambazo zitachunguzwa kwa darubini. Makaa yametengwa pia kwa kipimo cha umri cha kaboni, ila tutachagua vijiti vidogo na maganda badala ya mapande ya boriti, kwa kuwa gogo la mkoko huwa limeishi miaka mingi kabla ya kuchomwa, tena huweza kutumika katika nyumba zaidi ya moja, na tarehe yake ikatangulia moto wenyewe.

Oktoba: hatua zilizopangwa

Vuli ikianza kazi ya kekee itasimama. Taarifa ya doa la kaskazini imeandikwa kwa ajili ya Idara ya Makumbusho na Mambo ya Kale, pamoja na ramani ambayo haimo humu, ili waamue wenyewe kama pafunguliwe. Kwa upande wa kilimo, tumekubaliana na wenye shamba kwamba pembe ya magharibi ihamishiwe muhogo msimu ujao, na njugu nyasa zipelekwe kwenye zizi la zamani, ambako fosforasi ipo na chokaa haipo. Mzee amekubali kwa sharti kwamba kijiti cha mpaka wa zizi kibaki pale kilipo, asije mtu mwingine akaja kupima akawaambia wajukuu wake habari nyingine. Kijiti kimebadilishwa kwa jiwe, na vipimo vyake vya mahali vimeandikwa katika nakala mbili, moja kwa Sheha.